Manifesto ya 1956 na watu wa Masisi

Mtu akiuliza ni lini Wakongomani walianza kuudai uhuru wao, mara nyingi hujibiwa hivi: mwezi wa Julai mwaka 1956, pale gazeti dogo la Leopoldville lililoitwa Conscience Africaine lilipotoa manifesto, yaani tangazo la wazi la mawazo na madai ya kundi la watu. Jibu hilo latupendeza sisi Wakatoliki, maana gazeti lile lilikuwa la Wakristu wenzetu. Mkuu wa watungaji wake alikuwa Joseph Ileo, na aliyewalea katika mawazo alikuwa Padre Joseph Malula, yule aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Kinshasa, na mwaka 1969 akafanywa Kardinali. Basi twajivunia manifesto yetu, na tuna haki ya kujivuna. Lakini wengi wetu twaisifu kwa kusikia tu. Hatujauliza yasema nini, yasema kwa sauti gani, na ni akina nani wasiokuwamo ndani yake. Ndiyo kazi ya makala haya, na mwandishi wa makala, kwa kuwa anaandika Goma wala si Kinshasa, hawezi kuisoma manifesto ile bila kutazama upande wa Masisi.

Kwanza tukumbuke hali ya siku zile. Kongo iliwekwa mikononi mwa Mfalme Leopold II mwaka 1885, ikawa koloni ya Ubelgiji mwaka 1908. Watu waliiita serikali Bulamatari, mvunja mawe, na jina hilo lilitosha kueleza yote. Hakuna Mkongomani aliyepiga kura ya kuchagua hata mkubwa wa mtaa wake mpaka Desemba 1957, na hapo tena ni katika miji mitatu tu: Leopoldville, Elisabethville na Jadotville. Palikuwa na tabaka dogo la watu waliosoma, makarani, waalimu, wauguzi, na wengi waliotoka seminarini, ambao Wabelgiji waliwaita evolue, maana yake watu waliokwisha kuendelea. Tangu 1948 baadhi yao walipewa kadi ya kuthibitisha kwamba wana adabu njema za raia. Tangu 1952 wachache sana waliweza kuandikwa katika daftari la watu wanaohukumiwa kwa sheria ya Wazungu, lakini kabla ya kuandikwa mtu alichunguzwa mpaka nyumbani kwake: anakula mezani? analala vipi? mke wake ana mwenendo gani? Mtu mzima, baba wa watoto, aliyesoma Kilatini, anatazamwa vyombo vyake jikoni na kijana aliyetoka Ubelgiji juzi. Hayo tuyaweke akilini, maana waandishi wa manifesto ni watu wa tabaka hilo, na uchungu huo umo katika kila mstari wao, ingawa hawakuutamka kwa hasira.

Desemba 1955 mwalimu mmoja Mbelgiji, Mkatoliki, jina lake Jef Van Bilsen, alitoa mpango wa miaka 30 wa kuifikisha Kongo mahali pa kujitawala. Kwao wengi walimkasirikia, wakaona miaka 30 ni haraka isiyo na akili. Kisha, tarehe 29 Juni 1956, maaskofu wa Kongo na Ruanda-Urundi walitangaza kwamba wenyeji wana haki ya kushiriki katika kuongoza mambo ya nchi yao, na kwamba si kazi ya Kanisa kuwachagulia njia ya kufika huko, maadamu njia hiyo ni halali. Siku chache tu baadaye ikatoka manifesto.

Yasema nini? Yasema kwamba Wakongomani wanataka kukombolewa kabisa, katika siasa, katika uchumi na katika maisha ya watu. Mpango wa miaka 30 yaukubali kuwa mwanzo wa mazungumzo, lakini kwa sharti: Wakongomani wenyewe washirikishwe katika kuutengeneza, wasiletewe kama mtoto anavyoletewa kanzu iliyokwisha kushonwa. Ile Jumuiya ya Wabelgiji na Wakongomani iliyokuwa ikihubiriwa na wakubwa wa serikali, waandishi waliikataa ikiwa itakuwa amri tu na njia ya kuchelewesha uhuru. Tena walikataa vyama vya Ubelgiji kuhamishia Kongo ugomvi wao. Siku zile Waziri wa Makoloni, Auguste Buisseret, Mliberali, alikuwa ameleta shule za serikali zisizo za dini, na vita vya maneno vya Wabelgiji juu ya shule vikaanza kuwagawa Wakongomani ambao hawakuvianzisha. Manifesto ikawaita watu wa dini zote waungane katika harakati moja ya taifa. Ikasema rangi ya ngozi haimpi mtu cheo. Na ikasema Wakongomani wanataka ustaarabu ulio wao, hawataki kugeuzwa kuwa Wazungu wa rangi nyeusi.

Ukiyasoma hayo leo utaona ni ya kawaida. Siku zile hayakuwa ya kawaida hata kidogo. Sifa ya kwanza ya manifesto ni kwamba ilitaja mwisho wa safari. Kabla yake evolue waliomba mishahara mizuri, waliomba viti katika mabaraza, waliomba kuheshimiwa katika treni na mahotelini. Yote hayo ni maombi ya mtu aliyekubali kutawaliwa, ila ataka kutawaliwa kwa adabu. Manifesto ilisema kutawaliwa kwenyewe kuna mwisho, tena mwisho wenye tarehe, hata kama tarehe hiyo ni ya mbali. Sifa ya pili ni utulivu wake. Haina tusi hata moja. Yamsemesha Mbelgiji kama mtu atakayebaki jirani. Wengine wameuita utulivu huo woga. Mimi siuoni hivyo. Mtu aliyeandika jina lake chini ya karatasi kama ile, katika nchi ambamo serikali iliweza kumhamisha mtu kwa barua moja, hakuwa mwoga.

Lakini tutazame neno moja dogo, neno «sisi», maana hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Katika manifesto, «sisi» ni nani? Kwa maandishi ni Wakongomani wote. Kwa sauti ni watu wa Leopoldville waliosoma, wanaozungumza kwa Kifaransa na Wabelgiji waliosoma. Wanasema na watawala juu ya watu. Hawasemi na watu. Mkulima wa kijijini yumo kama mtu wa kuelimishwa kesho, hayumo kama mtu aliyekwisha kuwa na neno lake. Na kumbe alikuwa nalo. Alikuwa amelisema miaka 12 kabla yao, hapa kwetu, katika misitu.

Sasa tuache Leopoldville twende Masisi. Mwaka 1942 Wajapani walikuwa wameyateka mashamba ya mpira ya Malaya, na mataifa yaliyopigana nao yakakosa mpira wa magari na ndege zao. Serikali ya koloni ikawarudisha Wakongomani msituni kugema mpira wa porini, kazi ambayo wazee walikuwa bado wakiikumbuka kwa kutetemeka tangu siku za Leopold. Siku za kazi za lazima zikaongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Machimbo ya dhahabu nayo yalitaka watu, barabara zilitaka watu, na kodi ilibaki palepale. Katika nchi ya Wakumu, kuanzia Lubutu mpaka misitu ya magharibi ya Masisi, upande wa Walikale, mafundisho ya Kitawala yalikuwa yameingia. Yalitoka mbali, kwa Watch Tower, yakapitia Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, lakini yalipofika kwetu watu walisikia katika jina hilo neno la lugha yao wenyewe: kutawala.

Mwanzoni mwa mwaka 1944 alisimama mtu aitwaye Bushiri Lungundo, akajiita Mulamula wa Yesu, yaani mwenye kusimama mahali pa Yesu, akatangaza kwamba utawala wa Wazungu umekwisha. Watu wakaacha mpira, wakaacha machimbo, wakawakamata watu wa serikali. Serikali ikatuma askari wa Force Publique, na maasi yakazimwa kwa bunduki. Wengi waliuawa. Waliobaki wakahukumiwa, na wafuasi wa Kitawala wakaendelea kupelekwa katika makambi ya mbali kama Kasaji na Ekafera, wasiwaambukize wengine, kama vile neno lao lilikuwa ndui.

Najua msomaji Mkatoliki atasita hapa. Kitawala ilikuwa uzushi. Iliwakataa mapadre wetu, ilikataa ubatizo wetu, na mtu kujiita mahali pa Yesu ni jambo tusiloweza kulisikia bila kuumia. Wamisionari waliihofia, na kwa upande wa imani walikuwa na sababu. Sitaki kumtengenezea Bushiri sanamu. Nauliza jambo jingine: je, kosa la imani lilifuta lalamiko la mpira? Mtu aliyekosea juu ya Utatu Mtakatifu alikuwa amekosea pia juu ya siku 120? Wakubwa wa koloni walijibu ndiyo, kwa vitendo. Maadamu ni washirikina, basi hawana la kusema. Ni fujo tu. Na sisi tuliosoma kwa mapadre tulilirithi jibu hilo bila kulipima, hata leo twasema «fujo za Kitawala» na «kuamka kwa 1956», kana kwamba hawa walikuwa wamelala na wale wamekesha.

Tukilipima swali lenyewe, bila kutazama nguo lililovaa, twaona jambo la ajabu. Watu wa Masisi hawakuomba kutawaliwa vizuri zaidi. Waliuliza: nani atawale? Swali hilo ndilo linalotenganisha manung'uniko na kupigania uhuru. Manung'uniko yalikuwako siku zote. Wapende waliasi mwaka 1931. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma Elisabethville, wakapigwa risasi tarehe 9 Desemba 1941. Askari wenyewe wa Luluabourg waliasi Februari 1944, karibu siku zilezile za Masisi. Kila mara sababu ilikuwa jambo moja linaloonekana: bei, mshahara, sindano, kiboko. Lakini Masisi, kwa lugha ya unabii, maana hawakuwa na lugha nyingine ya kutajia ulimwengu uliopinduliwa, watu waliliinua swali mpaka juu kabisa. Manifesto ilipokuja kuliuliza mwaka 1956, ililiuliza kwa Kifaransa safi na kuliwekea miaka 30. Neno Masisi halimo ndani yake. Bushiri hayumo. Simlaumu Ileo kwa kutomtaja. Angemtaja, gazeti lisingetoka. Lakini kutotaja ni jambo moja, na kutosikia ni jambo jingine, na mimi naona waandishi wale hawakusikia.

Hata hivyo ombi lao lilikuwa na nguvu ambayo maasi hayakuwa nayo, na kuieleza nguvu hiyo Kitabu cha Kutoka chatusaidia kuliko vitabu vingi vya siasa. Musa na Haruni waliposimama mara ya kwanza mbele ya Farao, hawakudai taifa zima liondoke moja kwa moja. Waliomba ruhusa ya mwendo wa siku tatu jangwani, wakamtolee Mungu sadaka. Ni ombi dogo. Farao angelikubali, nani ajuaye? Alijibu kwa kuwanyima majani makavu na kudai hesabu ileile ya matofali. Toka siku ile siku tatu hazikutosha tena. Miaka 30 ya manifesto ilikuwa siku tatu za Wakongomani. Nayo, kama lile ombi la Musa, ilikuwa na faida hii: iliweza kukataliwa mbele ya macho ya watu wote. Maasi ya msituni serikali iliweza kuyaita wazimu. Karatasi yenye adabu, iliyosainiwa na Wakristu waliolelewa na misioni, haikuweza kuitwa wazimu. Kuikataa kulikuwa kujifunua.

Tena ilijibiwa kwanza na Wakongomani wenzao. Tarehe 23 Agosti 1956, ABAKO ya Joseph Kasa-Vubu ilitoa tangazo lake. Kwa nini kungoja miaka 30? Ukombozi utolewe sasa. Na badala ya harakati moja ya wote, viwepo vyama vingi, kila watu na mawazo yao. Kwa sauti, tangazo la ABAKO ni kali na fupi, na naona kama maandishi lashinda manifesto kwa kuwa lasema na watu wake, Wakongo wa mto wa chini, ambao waliweza kulirudia kwa midomo yao wenyewe. Lakini «sisi» yake nayo ilikuwa na mpaka. Msomaji wa Kivu aliweza kuuliza: katika uhuru huo wa leo hii, mimi ni mwenyeji au mgeni? Swali hilo halijapata kujibiwa vizuri mpaka sasa.

Na Ubelgiji? Kutoka Julai 1956 mpaka Januari 1959 ni miezi 30. Kwa miezi 30 hakuna aliyewaambia Wakongomani kwamba uhuru utakuja. Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa ABAKO ulizuiwa Leopoldville, watu waliotoka kutazama mpira wakachanganyika na waliozuiwa, mji ukawaka. Hesabu ya serikali ilitaja Wakongomani karibu 50 waliouawa. Wenyeji walisema ni wengi zaidi. Tarehe 13 Januari Mfalme Baudouin akalitamka redioni neno uhuru. Ni kweli kwamba tume ya Wabelgiji ilikuwa kazini tangu 1958, na tangazo lilikuwa linatayarishwa kabla ya fujo. Lakini mtu wa mtaani hakuyajua ya tume. Aliyoyaona ni haya: karatasi yenye heshima imekaa miezi 30 bila jibu, na damu imejibiwa kwa siku 9. Hakuna chama kilichowafundisha Wakongomani somo baya kuliko hilo, nao walilifunza wao watawala.

Hapo kuna jambo la kutuuma sisi wenyewe. Katika fujo zile za Januari makundi ya watu yalishambulia misioni pia, shule zetu na nyumba za kazi zetu, pamoja na maduka ya Wareno na majengo ya serikali. Kwa nini? Maaskofu walikuwa wamesema vizuri mwaka 1956. Lakini watu walitazama zaidi ya maneno. Padre wa kwanza Mkongomani, Stefano Kaoze, mtu wa Marungu, mashariki hii yetu, alipewa upadre mwaka 1917. Askofu wa kwanza Mkongomani, Pierre Kimbondo, aliwekwa mwaka 1956. Ni miaka 39: Van Bilsen alikuwa na haraka kuliko sisi! Ng'ambo ya mpaka, Nyundo, ambako kutoka Goma si mbali, Aloys Bigirumwami alikuwa askofu tangu 1952, na watu wa hapa walimwona. Jimbo la Goma lilisimamishwa mwaka 1959, na mwaka 1960 likapata Askofu wake Joseph Busimba. Miaka hiyo yatuonyesha kwamba Kanisa nalo lilianza kukimbia pale watu walipoanza kukimbia. Manifesto ilitoka katika nyumba yetu, lakini haikuuliza neno juu ya nyumba yetu.

Katika Kivu mambo yalikwenda kwa njia yake, na hapo twaona tena yaliyokosekana katika maandishi ya Leopoldville. Manung'uniko ya hapa yalikuwa ya ardhi. Mwaka 1925 ilikatwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ikapewa madaraka juu ya ardhi pana, ikawagawia walowezi wa kahawa na pareto. Kuanzia 1937 serikali iliwaleta Banyarwanda wengi Masisi kwa mpango wake, wafanye kazi na kukaa, na haikuwauliza vizuri wala waliohamishwa wala waliopokea. Manifesto haikuingia katika mambo hayo. Aliyeingia ni CEREA, chama kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1958, cha Anicet Kashamura na wenzake. Hao hawakuandika kwa Kifaransa cha seminari. Walisema na wakulima juu ya mashamba ya walowezi na kodi. Katika uchaguzi wa Mei 1960 walipata viti 30 kati ya 70 vya baraza la jimbo, na viti 10 katika Bunge la taifa, na Kashamura akawa Waziri wa Habari wa Patrice Lumumba. Ukitaka kuona jinsi lalamiko la kijiji linavyogeuka kuwa kura, tazama hapo kuliko Leopoldville. Lakini CEREA nacho, kilipoipata kura, hakikuwa na neno la kusema juu ya namna ya kugawana ardhi ile baada ya mlowezi kuondoka. Kilijua nani asitawale.

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960, miaka minne na siku moja baada ya tamko la maaskofu. Waandishi wa manifesto walipata madaraka. Ileo mwenyewe alikuwa Waziri Mkuu kwa muda katika machafuko ya mwaka ule. Wanakijiji walibaki na siku zao za kazi na kodi zao chini ya majina mapya. Siku tano baada ya sherehe askari waliasi. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Na kufika 1963 na 1964 wakulima wa Kwilu, kisha watu wa mashariki, walikuwa wakidai uhuru wa pili. Neno hilo, uhuru wa pili, ndilo ukosoaji mkali kuliko wote uliopata kuandikwa juu ya manifesto ya 1956, na waliolitunga wengi wao hawakujua kuandika.

Tunajua uhuru wa pili uligeuka kuwa nini. Mwenye Heri Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Siku tatu kabla, tarehe 28 Novemba, waliuawa Baraka na Fizi wamisionari watatu wa Kisaveriani na Padre Albert Joubert, ambao Kanisa limewatangaza wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Twawaheshimu mashahidi hao, na hakuna lalamiko liwezalo kuwasafisha waliowaua. Lakini katika mahubiri yetu Simba hutokea ghafula kama wanyama watokao msituni, bila jana wala juzi. Juzi yao ilikuwako. Miaka 20 kabla, katika misitu ya Lubutu na Masisi, kulikuwa na watu waliosema hawataki kugema mpira, wakajibiwa kwa risasi, na wenye kalamu hawakuwachukua katika «sisi» yao.

Nimalizie na jambo la kwetu Goma. Neno la manifesto, ukombozi, tumelisikia hapa mara nyingi mno. Mwaka 1996 lilikuja na AFDL, ambayo ilikuwa na neno hilo katika jina lake. Mwaka 1998 RCD ilizaliwa papa hapa. Wengine wamefuata, kila mmoja na tangazo lake na msemaji wake. Kwa hiyo watu wa Goma ni wasomaji wagumu wa manifesto, na ugumu huo ni haki yao. Nikiyaweka matangazo hayo kando ya karatasi ya 1956, naona tofauti mbili. Ya kwanza: karatasi ya 1956 ilitoka bila bunduki nyuma yake, kwa hiyo mtu aliweza kuipinga, na ABAKO ilipinga baada ya wiki chache, wala hakuna aliyekufa kwa kupinga. Ya pili: waliandika majina yao wenyewe, wakakaa palepale walipoandikia, wangojee jibu. Majina hayo tunayo. Ya watu wa Masisi twayapata zaidi katika daftari za waliowahukumu, yameandikwa kwa mkono wa karani wa serikali, pamoja na hesabu ya miaka ambayo kila mmoja alipewa.